Muulize Mzee wa Leba: Mteja alinivunja mkono, tajiri asema ni ugomvi wangu

SWALI

Shikamoo mzee. Mimi ni mhudumu wa pampu kwenye kituo cha mafuta upande wa Changamwe, huu mwaka wa tatu. Mwezi wa pili, Ijumaa moja yapata saa tatu usiku, aliingia mteja na pikapu akaniambia nimtilie mafuta ya elfu mbili. Nikatia. Kufika kulipa, akasema yeye alitaja elfu moja. Nikamwambia pengo lolote la shifti tunalipa sisi wahudumu, kwa hivyo siwezi kumwachia. Akashuka na spana ya gurudumu. Pigo la kwanza nilikinga kwa mkono wa kushoto, mfupa ukavunjika. La pili likanipata mdomoni, meno mawili ya mbele yakatoka. Wenzangu na vijana wa bodaboda wakamkamata, na meneja wa shifti akanikimbiza hospitali kwa gari lake.

Nambari ya OB, ile ya kitabu cha matukio cha polisi, ninayo, fomu ya P3 ya polisi ya kuandikia majeraha imejazwa, na kesi imeshatajwa kortini mara moja. Nilikaa na plasta wiki sita, na hadi leo vidole viwili havikunji sawasawa. Hospitali nimelipa 41,000, nyingi zikiwa mchango wa jamaa. Mshahara wangu ni 18,000, hutumwa kwa M-Pesa, na barua ya kazi sijawahi kupewa. Siku nilizokuwa nimefanya mwezi ule tajiri alinilipa, lakini akakata elfu mbili za yale mafuta. Tangu hapo hanipi kitu. Nilipomwendea akasema: "Wewe ulijibizana na mteja. Hiyo si ajali ya kazi, ni ugomvi wako. Ngoja kesi iishe, aliyekupiga akulipe." Jamaa za yule mteja nao wanataka tumalizane kinyumbani kwa elfu thelathini. Nina haki yoyote kwa tajiri, au ningoje korti?

Mhudumu wa pampu, Changamwe

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa mkono na kwa meno. Nilipofika pale tajiri alipokwambia "ngoja kesi iishe", barua nyingine zote za mwezi huu niliziweka kando. Maneno hayo nayajua. Mwaka 2012, nikiwa bado ofisi ya leba, alinijia bawabu wa hoteli moja ya Diani. Wezi walimkata panga la bega akilinda lango. Alikuja na bahasha nene: P3, risiti, nakala ya hukumu, kila karatasi imepangwa utadhani karani. Mwizi amefungwa. Nikamwuliza, hoteli uliiandikia lini? Akanambia meneja alimshauri angoje korti kwanza. Nikahesabu miezi kwa vidole, nikarudia. Kumi na minne. Meneja yule alishahama, na aliyeshika nafasi yake akasema hana habari ya bawabu yeyote aliyekatwa. Nilimwandikia bwana huyo barua tatu. Hakuna iliyozaa kitu.

Kwa hivyo kabla ya mengine yote, jua kwamba una mafaili mawili. La polisi ni baina ya Serikali na aliyekupiga. La fidia ni baina yako na tajiri, na hili halingoji lile. Hata mteja angetoroka asionekane tena, hata angeachiliwa kwa kukosa ushahidi, fidia yako ya kazini ingekuwa palepale. Lakini faili hili la pili lina saa inayokwenda: miezi 12 tangu siku ya tukio. Wewe umeshatumia minne.

Sheria yenyewe ni ya mwaka 2007, ya fidia kwa wanaoumia kazini, ambayo sote tunaiita WIBA. Haiulizi kama tajiri alikosea. Inauliza uliumia ukiwa kazini au la, na kuumia kwako kumetokana na kazi hiyo au la. Wewe ulikuwa kwenye shifti, umevaa ovaroli yao, umeshika bomba lao la mafuta, na pesa zilizogombaniwa ni za tajiri. Mteja yule hakujui hata jina. Angemkuta mwenzako kwenye pampu ile, spana ingemshukia mwenzako. Sasa ugomvi huo umekuwaje wako?

Najua watu wa bima watakavyojibu: ulimtolea mteja maneno, ukajitakia. Ni kweli sheria inamnyima fidia aliyeumia kwa utovu wake wa makusudi, na hata huyo haimnyimi kama amepata ulemavu mkubwa au amekufa. Lakini kumwambia mteja alipie mafuta yaliyokwisha kuingia kwenye tangi lake, huo si utovu. Ndiyo kazi uliyoajiriwa kufanya.

Kukosa barua ya kazi kusikutishe. Kwa Sheria ya Ajira, mkataba wa mdomo ni mkataba. Tena kazi inayofika miezi mitatu, anayetakiwa kuuandika ni mwajiri, na mkifika kortini asiwe na karatasi, mzigo wa kukanusha unayodai unamwangukia yeye. Toa taarifa ya M-Pesa ya miaka yote mitatu, ipigwe chapa. Ile 18,000 inayoingia kila mwisho wa mwezi kutoka nambari moja inasema mengi kuliko barua.

Sasa la kufanya. Leo, si Jumatatu, mwandikie tajiri barua fupi: tarehe, saa, pampu gani, nini kilitokea, nani waliona, umeumia wapi. Usimtukane wala usimlilie. Nakala mbili, moja agonge muhuri au atie sahihi ubaki nayo. Akikataa kuipokea, itume kwa rejista ya posta, na picha yake mtumie meneja kwa simu. Kuchelewa kwako si mwisho wa dunia, kwa sababu meneja wa shifti alikuwepo na ndiye aliyekupeleka hospitali. Sheria haikuadhibu kwa kutotoa taarifa ikiwa mwajiri alikuwa anajua. Yule bawabu wangu hakuwa na mtu kama huyo wa kumwelekezea kidole. Katika barua hiyohiyo omba picha za kamera za usiku ule zihifadhiwe, na umkumbushe askari anayeshika kesi yako azichukue. Kamera nyingi hujifuta zenyewe baada ya wiki chache, kwa hivyo sikupi matumaini makubwa. Majina ya vijana wa bodaboda waliomshika yatafute sasa, kabla hawajahamia steji nyingine.

Tajiri alipaswa kumwarifu Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku saba tangu ajue. Niko tayari kula kofia yangu kama alifanya hivyo. Basi nenda mwenyewe kwenye ofisi ya DOSHS, idara ya Mkurugenzi huyo, hapa Mombasa uripoti. Kuna fomu inaitwa DOSH/WIBA 1, wazee wa kazi bado wanaiita LD 104. Ina sehemu ya mwajiri na sehemu ya daktari, na ya daktari ndiyo yenye pesa, maana hapo ndipo huandikwa asilimia ya ulemavu utakaobaki. Nimeona wanaume wengi wakiulizwa na daktari wanasema "naendelea vizuri, namshukuru Mungu", wanatoka na sufuri. Mungu mshukuru ukifika nyumbani. Kwa daktari onyesha vile vidole viwili, jaribu kufunga ngumi mbele yake, mwambie huwezi kushika bomba kama zamani.

Kuna mafungu matatu. Kwanza gharama za matibabu: 41,000 zako ni juu ya mwajiri, na sheria inataja meno waziwazi, pamoja na dawa na nauli za kwenda hospitali. Kwa hivyo kama utawekewa meno ya bandia, omba hesabu yake kwa maandishi uiambatanishe. Pili, muda ambao hukuweza kufanya kazi: ukifika siku tatu au zaidi unalipwa sawa na mapato yako, kwa muda usiopita miezi 12. Daktari akikupa miezi mitatu, hiyo ni 54,000. Tatu ni ulemavu wa kudumu, na hapa hesabu huanzia mshahara wa miezi 96. Kwa mshahara wako ni 1,728,000 kwa asiyeweza kazi tena kabisa. Wewe utapewa sehemu yake kulingana na asilimia. Kwa mfano tu, asilimia 10 ingekuwa 172,800. Linganisha na ile elfu thelathini ya jamaa za mteja.

Mkurugenzi akishadai, mwajiri au bima yake ana siku 90 za kulipa. Kila mwajiri analazimika kuwa na bima ya kazi hii, na asiyekuwa nayo ana kosa juu ya deni. Asilimia ikikuonea, una siku 60 za kupinga uamuzi kwa maandishi. Mkurugenzi naye hutakiwa kujibu ndani ya siku 14, na jibu lisipokuridhisha una siku 30 za kwenda Mahakama ya Ajira. Atatokea mtu mwenye koti na mkoba atakayekwambia mwende moja kwa moja mkamshtaki tajiri kwa mamilioni. Njia hiyo imefungwa, na Mahakama ya Juu ililimaliza jambo hili Desemba 2019. Unaanzia kwa Mkurugenzi.

Aliyekupiga ni habari nyingine. Yeye unaweza kumdai fidia ya madhara kortini hata kama WIBA imekulipa, ila hakimu atazingatia ulichokwisha kupokea. Jeraha moja halilipwi mara mbili. Una miaka mitatu kufungua madai hayo. Na katika hiyohiyo kesi ya jinai, mwambie mwendesha mashtaka kuwa unaomba korti iamuru ulipwe, na kwamba unataka kueleza mwenyewe ulivyoathirika kabla ya adhabu kutolewa. Sheria ya mwaka 2014 ya kuwalinda waathiriwa imekupa nafasi hiyo.

Ile elfu thelathini, basi. Sikukatazi kusamehe, hilo ni lako na Mola wako. Ila angalia daktari alivyoandika kwenye P3. Akiwa ameandika madhara makubwa, kosa hilo adhabu yake hufika kifungo cha maisha, na si la kumalizwa chini ya mwembe. Na kama ni dogo kuliko hilo, yakiandikwa maafikiano yaandikwe mbele ya korti. Usitie sahihi karatasi inayosema "sidai chochote kwa yeyote". Neno "yeyote" pale lina tajiri ndani yake.

Kuhusu elfu mbili ulizokatwa: mwajiri anaruhusiwa kukata pengo la pesa tu ikiwa mkataba wako unasema wazi kuwa umekabidhiwa kupokea na kutunza pesa, na pengo limetokana na uzembe au udanganyifu wako. Huna hata barua ya kazi, na pengo limetokana na spana. Elfu mbili hizo zidai leba. Najua vituo vingi hapa pwani vinakata hivyo, na wahudumu wamezoea hata hawaulizi. Laiti mteja angelijua kwamba kelele za mhudumu pale pampu ni za chakula cha wanawe.

Na asikutishe kukufukuza. Kumfukuza mtu kwa sababu amelalamika au amedai haki yake si sababu halali, na korti inaweza kumtoza hadi mshahara wa miezi 12 kwa hilo. Akikuita ofisini kwa "mazungumzo", nenda na mwenzako mmoja wa kazini. Una haki hiyo. Ukikwama na makaratasi, shirika la msaada wa kisheria la Kituo cha Sheria wana ofisi hapa Mombasa.

SWALI

Mzee, mimi hupakia mizigo kwenye godauni Shimanzi. Saa ya chakula mwenzangu alinipiga chupa ya kichwa kwa deni la 1,500 la chama chetu. Nimeshonwa nyuzi tisa. WIBA inanihusu?

Mpakiaji, Likoni

JIBU

Hapo utakuwa na kazi ngumu, ndugu yangu. Mlikuwa kazini, ndiyo, lakini chupa haikuletwa na kazi, ililetwa na chama. Mwenzako wa Changamwe alipigwa kwa pesa za tajiri, wewe kwa zenu. Nenda polisi ukachukue P3. Fomu yenyewe haiuzwi, atakayekuuzia muulize jina. Likizo ya ugonjwa bado ni haki yako kama umefanya miezi miwili mfululizo: siku saba kwa mshahara kamili na saba kwa nusu, ukipeleka cheti cha daktari. Na mwambie msimamizi wako kwa maandishi kwamba huyo bwana amekupiga hapo godauni, maana akimwacha hivyohivyo na kesho akampiga mwingine, hataweza kusema hakuambiwa.