Spika za bei kubwa: zisikilize kwako kwanza

Maswali ya safari hii yametoka kwa watu wenye spika nzuri tayari, wanaotaka nzuri zaidi. Nayajibu moja moja.

*Nimesikiliza jozi mbili dukani. Ya pili ilinivuta papo hapo, sauti ina uhai. Bei yake ni maradufu. Niichukue? (Msomaji, Tudor)*

Ngoja kwanza, ndugu yangu. Je, jozi zote mbili zilipigwa kwa kiwango kimoja cha sauti? Sauti ikipanda kidogo, hata desibeli moja (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), sikio halisemi "imepanda", husema "hii ni nzuri zaidi". Na spika hazilingani. Kuna inayotoa desibeli 90 kwa wati moja ukiwa umbali wa mita moja, na kuna inayotoa 84. Ukiacha kitufe cha amplifaya palepale, ile ya 90 itaonekana bingwa hata kama haina ubingwa wowote.

Rudi dukani na simu yenye programu ya kupima sauti. Iweke pale unapokaa, piga ile kelele ya majaribio inayofanana na mvua, urekebishe hadi namba zilingane. Kisha weka wimbo unaoujua kwa moyo. Mimi huenda na taarabu ya Zein l'Abdin, nisikilize udi pale uzi unapodonolewa, kabla noti haijafunguka. Spika dhaifu hukimeza kile kidonoo, ukabaki na mlio tu. Nasikiliza pia pumzi ya mwimbaji kati ya beti. Baada ya hapo omba kuzichukua kwa siku mbili tatu, hata kwa kuweka amana. Muuzaji anayeuza vitu vya bei hiyo na hakubali, mimi simpi pesa zangu.

*Nilinunua spika ndefu za kusimama. Dukani besi ilikuwa safi, kwangu inavuma kwenye noti moja tu. Ni mbovu? (Msomaji, Nyali)*

Spika ni nzima, bibie. Kinachovuma ni chumba. Sebule yenye mita nne kutoka ukuta hadi ukuta huikuza sauti ya hezi 43 hivi, yaani mitetemo 43 kwa sekunde, kwa kuwa nusu ya wimbi lake inaenea mle kamili. Kila mpiga gitaa la besi akishuka hapo, nyumba nzima inaitikia. Nyumba zetu za bloku na vigae hazinyonyi besi hata kidogo. Zulia halitakusaidia kwa hilo, ingawa liweke tu: simama katikati ya sebule upige kofi moja, na ukisikia mlio wa "trrr" ukikimbia ukutani, jua zulia na mapazia mazito yanahitajika kwa sauti nyembamba za juu.

Kwa besi, ziondoe spika kwenye kona, na kiti chako kisigusane na ukuta wa nyuma. Nilikaa jioni nzima na jamaa mmoja Bamburi tukizisogeza shubiri moja moja, yeye anasukuma, mimi nasikiliza. Zilipofika shubiri nne kutoka ukutani, ule mvumo ulikatika. Alikuwa ameshatafuta mnunuzi.

*Chumba changu ni chembamba, nyumba ya mawe ya zamani. Nitafute spika kubwa kiasi gani? (Msomaji, Mji wa Kale)*

Ndogo, na usione umepungukiwa. Vyumba hivyo ni vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haivuki mbali, na dari ile yenye boriti hutawanya sauti vizuri kuliko simiti tambarare. Wahandisi wa BBC walipobuni LS3/5A miaka ya 1970, walitaka spika itakayoingia ndani ya gari la matangazo na bado iseme ukweli kuhusu sauti ya mtu. Watu wanaitafuta hadi leo. Ila spika za jinsi hiyo hutaka nguvu: kila desibeli tatu za ziada zinahitaji wati maradufu, kwa hiyo tofauti ya desibeli sita, kama ile ya 90 na 84 niliyoitaja juu, ni wati mara nne. Weka akiba ya amplifaya kabla hujamaliza pesa kwenye spika.

*Nimepata za mtumba kutoka Uingereza, za miaka ya 1980, bei nzuri mno. (Msomaji, Kizingo)*

Fungua kitambaa cha mbele uangalie ukingo unaoizunguka koni, ule uso unaotikisika kutoa sauti. Ukiwa wa sponji, uguse taratibu kwa kidole. Niliwahi kugusa mmoja ukabaki kidoleni kama makombo ya mkate uliolowa, na yule aliyeniuzia alikuwa ameniapia kuwa spika hazijaguswa. Joto na unyevu wa pwani huimaliza sponji mapema. Kingo za mpira hudumu zaidi. Kubadilisha ukingo kunawezekana, lakini gharama hiyo itoe kwenye bei kabla hujakubaliana naye. Tazama na vituo vya waya nyuma: vikiwa na kijani, visugue hadi shaba ing'ae.

*Waya ghali zitabadilisha sauti? (Msomaji, Likoni)*

Nunua shaba nene ya kawaida, ifunge imara. Pesa iliyobaki peleka kwenye mapazia.