"Burden" si mzigo kila mahali

Swali: Shikamoo mwalimu. Nilianza kazi ya kufasiri nyaraka mwaka jana, nipo Mwanza. Nimepewa hati ya madai yenye maneno "the burden of proof lies on the plaintiff". Nikaandika "mzigo wa ushahidi unalala kwa mdai". Wakili ameirudisha kaizungushia wino mwekundu, hakueleza chochote. Programu ya simu inanipa hivyo hivyo, na kamusi inasema "burden" ni mzigo. Nimekosea wapi? Na "burden", "onus" na "responsibility" zinatofautianaje?

Jibu: Marahaba. Umekosea mara mbili ndani ya maneno sita, na ajabu ni kwamba "mzigo" unaouhangaikia ndio wenye nafuu.

Kosa kubwa ni "ushahidi". "Proof" hapo si ushahidi. Ushahidi ni kile kinacholetwa mbele ya hakimu: mtu aliyekula kiapo, risiti, panga lililofungwa kwenye mfuko wa nailoni. Kuthibitisha ni kumfikisha hakimu mahali pa kuridhika. Mtu anaweza kuleta ushahidi siku nne mfululizo na asithibitishe kitu. Sasa jisomee hii: "Upande wa mashtaka una mzigo mkubwa wa ushahidi." Msomaji wa kawaida anaelewa nini? Anaelewa polisi wamejaza makabrasha, mshtakiwa kwisha habari yake. Kiingereza kilikuwa kinasema kwamba kazi ni ya upande wa mashtaka, na wasipoimaliza mshtakiwa anakwenda zake nyumbani. Umegeuza maana juu chini kwa neno moja.

La pili ni "unalala". Kwetu mzigo ukilala, umelala stendi kwa sababu basi limeharibika.

Mimi ningeandika: "Ni juu ya mdai kuthibitisha madai yake." Lugha yetu imekupa "ni juu yake" bure kabisa, na uzito umo humo humo, huhitaji kuutafutia nomino. Ukitaka nomino, "jukumu la kuthibitisha ni la mdai". "Mzigo wa kuthibitisha" nao siukatai. Mawakili wanausema, na tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2021 Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania, tunazidi kukutana nao. Ila anayeusoma ni mwanasheria, anajua unamaanisha nini. Mteja wako hajui.

Tazama jinsi watunga sheria wenyewe walivyofanya. Kifungu cha 107 cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kinaanza kwa kueleza jambo lenyewe: anayetaka mahakama itoe hukumu juu ya haki au dhima inayotegemea mambo anayoyadai, lazima athibitishe kwamba mambo hayo yapo. Hakuna mzigo hapo. Neno "burden" linakuja katika kifungu kidogo kinachofuata, kama jina tu la kile kilichokwisha kuelezwa. Maneno hayo ni ya Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872, Waingereza wakaja nayo huku. Aliyeyaandika alijua kwamba jina bila maelezo halimfai mtu.

"Onus" ni Kilatini, nako lilikuwa mzigo wa kweli. Lakini Kiingereza kililichukua likiwa limeshavuliwa mwili: hakuna anayebeba "onus" ya mahindi kichwani. Limebaki la wajibu tu. "The onus is on you" ni "ni juu yako", basi. Mahakamani mara nyingi linasimama badala ya "burden", usilikosee usingizi. Ndugu yake ni "exonerate", ambalo kwa asili ni kumtua mtu mzigo. Sisi tunasema kumwondolea lawama.

"Responsibility" lipime kwa pongezi. "Hongera kwa jukumu jipya" inasemeka, na watu wanakunywa soda. "Burden" halina hongera. Mzee wa Kiingereza akisema "I don't want to be a burden to my children", hapo ndipo penye mzigo wenyewe: sitaki kuwa mzigo kwa wanangu. Mzigo wa kodi, vilevile, kila mtu anauelewa. Lakini katika karatasi za zamani meli ya "200 tons burden" ni meli yenye uwezo wa kubeba tani hizo. Na "the burden of the song" ni kiitikio! Hilo ni neno jingine kabisa, lilitoka Kifaransa, "bourdon", likagongana na lenzake kwenye tahajia. Nimeshasoma "mzigo wa wimbo" katika tafsiri iliyolipiwa hela.

Kinachonichosha ni hilo la "kamusi inasema". Kamusi haikusema. Ilikupa milango kadhaa, ukaingia wa kwanza. Programu ya simu nayo imekupa kilichozoeleka, haijui hati hiyo ni ya nani wala atafungwa nayo nani. Na sasa kuna hawa wenye steshenari na bango la "Tunatafsiri lugha zote, dakika 20", kurasa zinabandikwa kwenye kompyuta, zinatoka, zinapigwa muhuri.

Mama mmoja muuza mitumba aliniletea mkataba wa mkopo uliopita huko. Kiingereza kilisema kwamba "the burden" ya kuonyesha kuwa deni limelipwa "shall rest on the guarantor". Kiswahili chake: "mzigo wa kuonyesha mkopo utapumzika kwa mdhamini". Kwa muuza mitumba mzigo ni robota. Alielewa kwamba marobota yatakayonunuliwa kwa mkopo yatahifadhiwa kwa mdhamini, ambaye ni shemeji yake. "Ana stoo," akaniambia, "nikaona sawa tu." Shemeji naye akatia sahihi, akaanza kupanga stoo. Hakuna aliyemwambia kwamba siku ya ugomvi yeye ndiye atakayetakiwa kuleta risiti za malipo ambayo hakuyafanya yeye.

Kwa hiyo ukikuta neno la namna hii kwenye mkataba, kabla hujaandika, uliza: nani atafanya nini, na asipofanya atapatwa na nini? Andika jibu la hayo. Na ndugu zake "burden" wapo wengi. Kwenye hati za ardhi utakutana na "free from encumbrances", na wapo wanaoandika "kiwanja kisicho na mizigo". Mnunuzi atakwenda kukagua, atakuta hakuna hata tofali moja, ataridhika na kulipa. Aliyotakiwa kuulizia ni rehani, deni, au kesi iliyoko baraza la ardhi.