Barua za Kale na Sahihi za Watu Mashuhuri: Maswali Yenu

SWALI: Nimerithi barua za babu. Baadhi zimechanika kwenye mikunjo. Niziunge kwa selotepu, au nizilamineti kabisa?

JIBU: Usithubutu yote mawili. Baada ya miaka, plastiki ya selotepu hubanduka na gundi ikabaki imezama ndani ya karatasi, doa ambalo hata fundi wa kuhifadhi nyaraka hutoka jasho kuliondoa. Kulamineti ni balaa zaidi, maana joto huyeyushia plastiki kwenye nyuzi za karatasi. Palipochanika paache. Kunjua taratibu, toa klipu na pini zenye kutu bila kuvuta, kisha itie barua kwenye mfuko wa plastiki angavu ya poliesta au folda isiyo na asidi, ilale bapa gizani, mahali pakavu. Ile mifuko laini ya plastiki ya PVC inayonuka upya hata usiinunue.

SWALI: Nina barua ya miaka ya 1790. Wino umegeuka kahawia, na penye herufi nzito karatasi imetoboka. Ni wadudu?

JIBU: Wadudu hawafuati mwandiko! Huo ni wino wa chuma, uliotumika Ulaya kwa karne nyingi: vinundu vya mti wa mwaloni, chumvi ya chuma na ulimbo. Ukiandikwa hukolea weusi, ukizeeka huwa kahawia, na asidi yake hutafuna karatasi, hasa unyevu unapopanda. Geuza ukurasa utazame mgongoni. Mara nyingi maneno yameshajitokeza huko kabla hayajatoboa. Unyevu wa hewa ukae kati ya asilimia 35 na 50 bila kupandapanda, na kitambaa kibichi kisiiguse kamwe. Karatasi yenyewe ilitengenezwa kwa matambara ya kitani na pamba, kwa hiyo mahali pasipo na wino huenda ni imara kuliko ya 1900 iliyotokana na mbao, ambayo huvunjika kama biskuti.

SWALI: Nivae glavu nyeupe?

JIBU: Kwa karatasi, hapana. Nawa mikono, ikaushe vizuri. Glavu za pamba huondoa wepesi wa vidole na hunasa kingo zilizochakaa. Zihifadhi kwa ajili ya picha.

SWALI: Nimeuziwa sahihi ya John F. Kennedy. Nitajuaje kama ni yake?

JIBU: Anza kwa kushuku. Makatibu wake walimsainia, na mashine ya kusaini ilitumika pia. Tafuta nakala za sahihi zake nyingine, uiweke yako juu ya kila moja dhidi ya mwanga. Mkono wa mtu haurudii sahihi ileile. Zikilingana kila mkunjo, umeuziwa kazi ya mashine. Mghushi naye huchora badala ya kuandika, na chini ya lenzi utaona mstari unatetemeka na kalamu imesita pasipo sababu.

Mimi huanza na karatasi na wino, sahihi baadaye. Kalamu zenye kigololi nchani zilianza kuuzwa kwa wingi kuanzia 1945, kwa hiyo barua ya “1920” iliyoandikwa kwa kalamu hiyo ni ya kughushi, haina mjadala. Zile “shajara za Hitler” za 1983 ziliumbuka maabara, kwa kuwa karatasi yake ilikuwa na kemikali ya kung'arisha iliyoanza kutumika baada ya vita. Na kuna Denis Vrain-Lucas, aliyefungwa miaka miwili mwaka 1870: alimuuzia mwanahisabati Michel Chasles maelfu ya barua, zikiwemo za Cleopatra na Maria Magdalena, tena kwa Kifaransa. Chasles alilipa.

SWALI: Barua ni chakavu. Nikate sahihi tu niitie kwenye fremu?

JIBU: Weka mkasi chini. Wakusanyaji wa karne ya 19 walifanya hivyo, wakatuachia vipande visivyo na tarehe wala jina la mwandikiwa. Barua nzima ina thamani zaidi, pamoja na bahasha. Kabla ya 1840 bahasha zilikuwa adimu. Karatasi ilikunjwa, ikatiwa lakiri (nta ya kufungia barua), anwani ikaandikwa nje, basi ukiona doa jekundu la lakiri usilikwangue. Ukutani tundika fotokopi ya rangi.

SWALI: Barua nimeinunua. Naweza kuichapisha?

JIBU: Karatasi ni yako, maneno siyo. Hakimiliki ni ya mwandishi, na akifa ni ya warithi wake, katika nchi nyingi kwa miaka 50 au 70. Barua ya mtu aliyefariki 1990 bado ina wenyewe. Watafute, na ruhusa waitoe kwa maandishi.