Urembo ulikuwa na kazi yake

Tabora

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kwa nini nyumba mpya zote ni nyeupe na kijivu, milango mitupu, na kama yako ya Ipuli nayo uimalize hivyo.

Usiimalize hivyo. Kweli, mashine ya kuranda hulainisha ubao kwa dakika chache, na nakshi hula siku nyingi za fundi. Wasanifu wa Ulaya nao waliupiga vita urembo mapema. Adolf Loos wa Vienna aliufananisha na uhalifu kabla ya vita ya 1914. Linalosahaulika ni kwamba urembo ulikuwa na kazi. Chukua mlango wa nakshi wa pwani. Mfaa, ule mti wa katikati, umepigiliwa upande mmoja ili ufunike mwanya pande mbili zinapokutana. Misumari mikubwa ya shaba ilishika mbao kwenye zile za kukingama nyuma. Viondoe, na kosa la milimita tatu halina pa kujificha. Nyumba tupu inamtaka fundi hodari zaidi.

Kwa hiyo chonga miimo na kizingiti cha juu tu, kina cha milimita 6 hadi 8 kinatosha. Mninga uwe mkavu hasa, unyevu asilimia 12 au chini. Paneli za mlango zisitiwe gundi kwenye mifereji yake. Ubao hutanuka masika na kusinyaa kiangazi, ukibanwa unapasuka katikati. Paka mafuta ya kitani mara tatu, nyembamba, ukifuta yanayobaki juu. Matambara uyatandaze nje yakauke, maana yakirundikwa hushika moto yenyewe. Nakuomba hilo usilipuuze.

Ukutani, acha plasta ikae siku 28. Rangi ya mafuta juu ya saruji mbichi hutoka malengelenge na kubanduka. Chini piga ukanda mwekundu wa sentimita 60, ndipo matone ya paa yanaporusha tope. Kijivu chako kitachafuka mvua ya kwanza. Dukani omba nyekundu ya oksidi ya chuma, ndiyo iliyomo kwenye udongo wetu na jua haliiwezi. Nyekundu nyingi zinazong'aa hupauka.

Kabla fundi hajakata ubao, nitumie upana wa uwazi wa mlango, upime juu, katikati na chini.

Baba yako