Kadi ya sauti ya zamani: itafutie mashine, usiilazimishe

Swali ninaloulizwa sana na watu wanaorekodi majumbani ni hili: kadi ya sauti, kile kipande kinachopachikwa ndani ya kompyuta kuingiza na kutoa sauti, iliyokuwa kwenye kompyuta ya zamani itaingia kwenye mpya? Nami kabla ya kujibu huuliza swali jengine. Unaitakia nini? Ikiwa ni kusikiliza Kurani na kutazama mpira, kompyuta mpya ina sauti yake ndani na inatosha kabisa. Lakini kama una kaseti za taarab walizorekodi wazee wako ukumbini, au mawaidha ya maalim aliyekwisha tangulia mbele ya haki, na unataka kuyahifadhi yakiwa safi, basi kadi nzuri ya zamani ni mali. Usiitupe wala usimuachie fundi akaivunja kwa vipuri.

Yangu ni M-Audio Audiophile 2496. Ina matundu ya RCA, aina ile ile iliyo kwenye deki, ya kuingiza na kutoa sauti, kwa hiyo deki ya kaseti unaichomeka moja kwa moja bila kikorokoro cha katikati. Inarekodi kwa biti 24, mpaka kilohezi 96, yaani kwa undani mkubwa wa sauti. Ganuni inapofifia mwisho wa wimbo, ndipo utakapoijua thamani yake: kwenye sauti ya ndani ya kompyuta nyingi za bei nafuu, pale pale ndipo vinapojitokeza vimlio vya umeme wa mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, na hivyo ukishavirekodi pamoja na fidla huvitoi tena bila kuiumiza fidla yenyewe.

Sasa tuje kwenye sloti, lile tundu refu la mazabodi linalopachikwa kadi. Kadi hizi ni za PCI, mfumo wa kuunganisha kadi na mazabodi ulioanza mwaka 1992. Mazabodi zenye PCI Express, mfumo uliofuata, zilianza kutoka mwaka 2004, na majina yanafanana lakini sloti haziingiliani hata kidogo. PCI ya kawaida ni ndefu, mara nyingi nyeupe. PCI Express ndogo ya sauti au mtandao ni fupi mno, na ile ndefu ni ya kadi ya picha. Nimewaona watu wakiisukuma kadi ya PCI kwenye ile ndefu kwa nguvu. Usifanye, utavunja sloti na kuua kadi. Na kama kadi yako ni ya zamani zaidi, ya ISA, mfumo uliotangulia PCI, mfano Sound Blaster 16, hiyo iwekee kompyuta ya wakati wake na uiache humo.

Kuanzia mwaka 2011 kampuni ya Intel iliiondoa PCI kwenye chipu zake nyingi za mazabodi. Baada ya hapo, bodi nyingi zenye sloti ya PCI zinaipata kupitia chipu ya kutafsiri inayokaa kati yake na PCI Express. Nyingine zinafanya kazi vizuri. Ila ile iitwayo ASM1083 ina sifa mbaya kwenye Linux, mfumo wa bure unaowekwa badala ya Windows: ishara ambazo kadi huzitumia kuiita prosesa zinavurugika, na ukiwa katikati ya kurekodi sauti inaanza kukatikakatika. Kwa hiyo kabla ya kununua bodi, isome chipu hiyo kwa macho yako, imeandikwa juu yake.

Ushauri wangu mkubwa ni huu: usianze na kompyuta ukatafuta namna ya kuipachika kadi. Anza na kadi, kisha uitafutie mashine. Kompyuta za ofisini zilizotumika zinauzwa mjini, na ndani yake kuna hazina kwa mtu wa kazi hii. Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012, ile ya umbo la mnara, ina sloti ya PCI, na chipu yake ya Q77 ni miongoni mwa chache za wakati huo zilizobaki na PCI ya asili. Angalia vizuri, 7010 ile nyembamba haina. Muombe muuzaji afungue ubavu uone, na akikataa kufungua nenda duka jengine. Prosesa ya mashine hiyo inatosha na kubaki kwa kurekodi sauti ya stirio.

Zipo adapta pia, bodi ndogo inayoingia kwenye PCI Express fupi ikakupa sloti ya PCI. Zinafanya kazi, lakini mimi huzipendekeza mwisho kabisa. Kwanza, kadi inainuka juu au inaning'inia pembeni, haifungiki tena kwa skrubu nyuma ya kasha, na ukivuta waya wa RCA unaivuta kadi nzima. Pili, adapta nyingi zinatumia waya unaofanana na wa USB ilhali si USB. Usithubutu kuuchomeka kwenye tundu la USB la kompyuta. Tatu, na hili ndilo watu hulisahau, sloti halisi ya PCI inatoa pia umeme wa volti hasi 12. Baadhi ya kadi za sauti zinautegemea kwa saketi zake za analogi, na adapta isiyoutoa itakupa kadi inayoonekana kwenye kompyuta lakini bubu, au yenye sauti iliyopasuka. Usiihukumu kadi hapo.

Sasa draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia kadi. Windows 11 ni ya biti 64 tu, na kadi nyingi za miaka ile hazikuandikiwa draiva ya biti 64. Ukiitafuta utaishia kwenye mafaili ya watu usiowajua, na mimi sikushauri kabisa. Weka Linux. Draiva ya ALSA, mfumo wa sauti wa Linux, ya kadi zenye chipu ya Envy24 kama yangu, na ile ya Sound Blaster Live! na Audigy, zimo tayari ndani yake, huhitaji sidii wala intaneti. Kama una Live!, rekodi kwa kilohezi 48, kwa sababu ndani yake inafanya kazi kwa kasi hiyo tu, ukiiwekea 44.1 inageuza yenyewe na ubora unashuka.

Kisha hewa yetu. Sisi wa pwani tumezungukwa na chumvi ya bahari, na masika unyevu hauna mpaka. Vidole vya kadi vyenye rangi ya dhahabu hupata utando ambao macho hayauoni. Vifute kwa pamba na spiriti ya aisopropili, viache vikauke. Chomoa waya wa umeme, bonyeza swichi ya kuwashia ili umeme uliobaki uishe, shika chuma cha kasha, ndipo uipachike. Ipachike na kuichomoa mara kadhaa, maana sloti nayo ina utando na hapo unajikwangua wenyewe. Kagua na kapasita za kadi, vile vikopo vidogo: iliyovimba kichwani ibadilishwe kwanza. Kama una nafasi ya kuchagua, iweke mbali na kadi ya picha. Kisha ingia BIOS, ile mipangilio ya mwanzo ya kompyuta kabla mfumo haujawaka, uizime sauti ya ndani, programu zisichanganyikiwe.

Kabla ya kuweka kaseti yoyote ya maana, rekodi dakika moja bila kuchomeka kitu. Ikuze kwenye Audacity, programu ya kurekodi na kuhariri sauti, usikilize. Ikiwa kimya, chomeka deki bila kuiwasha urekodi tena, halafu iwashe bila kaseti urekodi tena. Mvumo ukiingia hapo, kwa kawaida hautoki kwenye kadi, mara nyingi unatoka kwenye umeme wa nyumba. Chomeka deki na kompyuta kwenye ekstensheni moja na mara nyingi unatoweka. Kisha weka kaseti, na ngoma inapopiga kwa nguvu hakikisha kipimo cha sauti kwenye programu hakivuki desibeli hasi 6.