Kabla hujabonyeza "Tuma" kwa watu mia mbili

Wadogo zangu mlioajiriwa mwaka huu, wiki hii nimeona tena tangazo la usaili limekwenda kwa waombaji wote, anwani zote zikiwa kwenye Cc, yaani kila mmoja anaziona za wenzake. Kila kundi jipya linapoingia jambo hili linajirudia, na kila mara tunaambiana kuwa ni bahati mbaya. Si bahati mbaya. Hamkufundishwa, basi kaeni niwafundishe.

1. Cc ni ya watu wanaofahamiana na wanaopaswa kujua nani mwingine kapata barua. Wasiofahamiana wote huwekwa Bcc, ambako hakuna anayeiona anwani ya mwenzake, na kwenye To unaweka anwani ya ofisi yenyewe.

Ofisi moja niliyopitia, kijana mwenzetu alipewa kazi ya kuwajulisha walioomba nafasi ya uhasibu kwamba hawakuchaguliwa. Barua aliiandika vizuri, yenye heshima, hata mimi niliisifu. Akanakili safu nzima ya anwani kutoka Excel, akaibandika kwenye Cc, akatuma saa kumi na nusu jioni, akaenda kupanda daladala. Kabla hajafika kwake, mwombaji mmoja alikuwa ameshawajibu wote akiuliza alama zake. Wa pili akataka aondolewe kwenye orodha. Wa tatu akamsihi wa pili aache kuwasumbua watu, na yeye naye akawatumia wote. Hayo yangevumilika. Lakini kwenye orodha ile alikuwemo dada aliyekuwa bado kazini kwingine, ameomba kimyakimya, na anwani yake ni jina lake kamili. Mwombaji mmoja aliwahi kufanya kazi huko, akalifahamu jina, akaisukuma barua kwa rafiki yake wa zamani. Asubuhi bosi anayo. Dada akatupigia simu. Hakufoka; aliuliza tu ni nani aliyeruhusu jina lake lionwe na watu, maana ameitwa ajieleze. Hatukuwa na jibu. Mkuu wa kitengo aliomba radhi, ikapokelewa, ila jina lilikwisha kusomwa.

Na msidhani ni mambo ya ofisi ndogo. Septemba 2021 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza iliwaandikia Waafghani 245 waliokuwa wakisubiri kuokolewa wasiangukie mikononi mwa Taliban, na anwani zote zikawekwa kwenye To, ambako nako kila mtu huziona. Picha za wasifu za watu 55 zilionekana. Wawili waliwajibu wote, mmoja akataja mahali alipo. Kwa kosa hilo na mengine ya namna hiyo mwezi huohuo, wizara ilitozwa faini ya pauni 350,000 mnamo Desemba 2023. Kwetu Tanzania ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Isomeni, haiwahusu mawakili peke yao.

2. Andika barua kwanza, ambatisha faili, lifungue uone ndani kuna nini, halafu ndipo uweke anwani.

3. Kwenye Gmail, ongeza muda wa kutengua utumaji ufike sekunde 30. Kule Outlook, kuirudisha barua iliyokwisha toka nje ya taasisi yenu msikutegemee.

4. Gmail ya bure ina kikomo cha wapokeaji 500 kwa siku. Ukipita hapo, inakufungia kutuma, na siku ya mwisho ya maombi ndiyo hiyo. Kama orodha ni ya maelfu, muulize mtu wa TEHAMA kama SPF, DKIM na DMARC za kikoa chenu (sehemu ya anwani inayofuata @) zimekaa sawa, yaani mipangilio inayothibitisha kuwa barua kweli imetoka kwenu, la sivyo barua zitaishia kwenye taka.

5. Ukichukua majina kutoka Excel ili kila mtu apate barua yake, jitumie wewe kwanza. Kuna mzee wa bodi alipokea barua iliyoanza "Ndugu «Jina»", alama imebaki pale jina lake lilipopaswa kuingia, akaichapisha na kuja nayo kikaoni.

6. Ukikosea, mwambie mkuu wako dakika hiyohiyo, hata kama ni usiku. Kenya, sheria inaipa ofisi saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data taarifa zinapovuja na kuna hatari ya kweli kwa wahusika, na saa hizo hupita upesi. Yule kijana majibu aliyaona kwenye simu akiwa ndani ya daladala, akanyamaza hadi asubuhi kwa woga. Usiku mzima ule tungeweza kumpigia yule dada kabla bosi wake hajamwita.