Ule mmea wenye maji katikati pale Barranco si kaktasi

Mkuu, umeuliza kuhusu "kaktasi" yenye maji katikati uliyoiona kambi ya Barranco, mlimani Kilimanjaro, na kama unaweza kupata mche ukaoteshe Dar. Nimepanda Kilimanjaro miaka mingi, kwanza nikiwa "mgumu", yaani mbeba mizigo, sasa naongoza wageni. Ile ni lobelia, Lobelia deckenii. Usiichanganye na jirani yake mwenye shina nene na kichwa kama kabichi. Huyo ni Dendrosenecio, ukoo wa alizeti. Lobelia imo kwenye familia ya maua ya kengele, ingawa ua lake limepasuka upande mmoja na halina sura ya kengele hata kidogo.

Sasa yale maji. Kule juu, kuanzia kama mita 3,800, mchana jua linaunguza na usiku kunaganda. Jioni majani hujikunja kufunika chipukizi. Pita alfajiri utaona barafu juu ya maji, lakini chini yake bado ni majimaji: ile barafu inazuia baridi isishuke, na chipukizi hubaki salama. Ndiyo maana nakuwa mkali mgeni akianza kuchokoa na fimbo. Anaona dimbwi, kumbe hilo ndilo blanketi.

Ikifika wakati wa kuchanua, katikati hupanda mnara, na maua ya buluu hujificha nyuma ya vijani. Hapo utamwona ndege chozi mwenye mkia mrefu akipekua asali. Fundo la majani lililochanua hufa, ila mengine yaliyoungana nalo chini ya ardhi huendelea.

Mlima Kenya wana Lobelia telekii, yenye manyoya, ambayo ikichanua mara moja imekwisha. Jina ni la Teleki, Mhungaria aliyefika kule mwaka 1887. Yetu imepewa jina la von der Decken, Mjerumani aliyejaribu Kilimanjaro 1861 na 1862 bila kufika kileleni.

Mche sahau. Kung'oa mmea hifadhini ni kosa, na joto la Dar lingeuua tu. Tafuta mbegu za Lobelia erinus, ile fupi ya buluu yenye asili ya kusini mwa Afrika. Ioteshe Juni au Julai, kwenye chungu, mahali penye kivuli cha mchana, na udongo usikauke. Ina sumu, kwa hiyo kama una watoto wanaotia kila kitu mdomoni, ining'inize juu.